Rika la Hamsini na Nane Lapanda Bila Skii

Siku ya nane tangu karatasi ibandikwe kwenye ubao wa duka la jibini, haikuwa na jina hata moja. Juu kabisa Rosmarie alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: SIKU YA MLIMANI YA RIKA LA 1958. MWAKA HUU BILA SKII. KUTEMBEA, SLEJI, SUPU, JUA. Chini yake aliichora mistari kumi na mitatu kwa rula, kwa ajili ya wanarika kumi na watatu walio hai. Yote ilikuwa mitupu isipokuwa wa mwisho, ambapo mkono usiojulikana uliandika kwa penseli: "Je, tuje na mikongojo yetu, au itagawiwa huko huko?"

Rosmarie aliyasoma hayo foleni ya watu watano ikiwa nyuma yake. Alihisi masikio yanawaka moto. Akaagiza jibini gramu mia tatu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Laini au iliyokomaa?" aliuliza Nesa, mwenye duka, ambaye naye ni wa rika hilo hilo.

"Iliyokomaa. Na wewe Nesa, huandiki?"

Nesa aliinamia jibini akaikata polepole mno. "Bado naangalia kalenda."

Kalenda ilikuwa inaning'inia nyuma ya kichwa chake, mwezi wa Februari mweupe pee tangu juu mpaka chini. Rosmarie aliiona, Nesa akajua kwamba ameiona, na foleni nzima ikajua. Alilipa akatoka bila kungoja chenji ya senti ishirini, jambo ambalo pale kijijini Plaunsura lilizungumzwa mpaka jioni.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tangu walipokuwa na miaka ishirini, waliozaliwa mwaka mmoja kijijini hapo hupanda mlimani pamoja siku moja kila Februari, na hupokezana zamu ya kuipanga. Safari hii zamu ilimwangukia Duri, mume wa Rosmarie, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji. Ikamwangukia baada ya kubadilishwa nyonga, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba habari ya skii imekwisha. Kitabu cha rika kinasema wasipojiandikisha wanarika wanane kufikia Jumamosi adhuhuri, wiki moja kabla, siku inarudi mikononi mwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni Curdin. Na siku ya Curdin ni skii tangu asubuhi mpaka magoti yagome. Maana yake Duri angebaki bondeni peke yake, mara ya kwanza baada ya miaka arobaini na sita.

*

"Wangapi?" aliuliza Duri. Alikuwa mezani jikoni, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya stuli, akisoma gazeti la jana.

"Kuna maandishi," alisema Rosmarie akivua viatu.

"Nimeuliza wangapi."

"Hakuna."

Duri alikunja gazeti. "Nenda kaitoe ile karatasi, mke wangu. Sasa hivi. Sema nimepata mafua."

"Mafua ya Jumamosi ya wiki ijayo? Mafua gani hayo yenye ratiba?"

"Sema lolote. Unajua jana Curdin kaniambia nini pale kwenye petroli? 'Duri, usijali, tutakupigia picha.' Picha! Mimi! Ile njia ya juu nilikuwa naiteremka yeye bado analia kwa kuogopa mwinuko wa shule."

"Basi kasirika. Ukikasirika unapendeza kidogo."

Hakucheka. Rosmarie hakumngoja acheke. Alisogeza kikombe chake pembeni, akatandaza ramani juu ya gazeti, na hapo hapo uso wake ukabadilika. Mwanamke huyu wa miaka sitini na minne alikuwa na furaha isiyofichika, furaha ya mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba aliyokuwa akiichungulia dirishani siku zote.

"Sikiliza. Saa tatu na dakika saba, kigari cha waya cha kwanza. Siyo cha saa tatu na nusu, hicho kinajaa wanafunzi. Tunashuka Kituo cha Kati. Watu wa skii wanakwenda kulia, sisi kushoto, nyuma ya stoo ya vyuma. Mwendo wa saa mbili msituni, taratibu. Kisha benchi, robo saa, jua linakuwa limefika pale. Saa sita na robo supu ya shayiri kwa Onna, kwenye mkahawa wake wa mlimani. Ukimwambia siku moja kabla anapika na mguu wa nguruwe ndani, usipomwambia unakula mkate. Halafu sleji, tunakaa juu yake tunateleza kilomita sita mpaka uwanja wa kanisa. Saa tisa na nusu tuko chini, tuna njaa tena, na keki ya jozi inatungoja."

Duri aliikodolea macho ramani. "Nyuma ya stoo ya vyuma hakuna njia."

"Ipo."

"Rosmarie, mimi nimezaliwa hapa."

"Umezaliwa hapa, lakini siku zote ulikuwa unapita mbio."

Rosmarie alitoka nchi ya chini, kwenye tambarare za matofaa karibu na ziwa. Aliolewa kijiji ambacho mtoto hufungwa skii kabla hajaachishwa nepi. Alijaribu misimu miwili, akavunjika kifundo cha mkono, akaachana nayo. Kila mwaka, siku ya rika, wake na waume wasioteleza walipelekwa mpaka Kituo cha Kati na kuachiwa mabegi, makoti na chupa za chai wavilinde. Wengine walicheza karata. Rosmarie alilipanga lile rundo la mabegi kwenye kona, akamwachia mhudumu faranga tano, akaenda zake kutembea. Alifanya hivyo miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kumwuliza alikuwa wapi.

"Hata hivyo hawaji," alisema Duri. "Na mimi sitaki kuhurumiwa."

"Hakuna anayekuhurumia. Wangekuhurumia wangejiandikisha."

Hilo lilimuuma zaidi, na Rosmarie alijuta mara tu lilipomtoka.

*

Alhamisi saa tisa mchana mlango wa nyuma uligongwa. Alikuwa Nesa, kitambaa kichwani, mkononi ana siagi ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Nimepita tu," alisema, akakaa kabla ya kukaribishwa. Akatazama mlango wa sebuleni. "Mzee yupo?"

"Yuko kwa mtaalamu wa viungo, ananyooshwa. Sema."

"Goti langu, shemeji." Nesa aliipapasa sketi yake. "Mwaka jana nilishuka na kigari cha waya. Niliwaambia kishikizo cha kiatu kimekatika."

"Nakumbuka. Kilikatika kweli?"

"Nilikikata mwenyewe chooni. Kwa kisu cha jibini."

Rosmarie alicheka mpaka akashika meza. Nesa alijaribu kununa, ikashindikana, naye akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Sasa si uandike jina, mama! Siku hii ni yako hii!"

"Pale? Kwenye ubao wangu mwenyewe, jina la kwanza? Kila anayekuja kununua maziwa aseme, Nesa kwisha habari yake? Thubutu! Na si mimi tu. Gisep haoni vizuri, mwaka juzi kampita mkewe akidhani ni alama ya njia. Unafikiri ataandika? Wanakuja pale dukani mmoja mmoja, wanajifanya kusoma tangazo la kuni, jicho liko kwenye karatasi yako. Akitokea mtu, wanaondoka."

Rosmarie aliacha kucheka. Aliiona ile karatasi upya, na ubao, na dirisha kubwa la duka lililotazama barabara. Plaunsura kila kitu huandikwa pale: zamu ya kupasua kuni, nani ataleta kahawa kwenye msiba, nani atazibua mifereji. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna orodha isiyofaa kubandikwa. Naye, mtu wa kuja, badala ya kutumia akili ya huko alikotoka, alifanya kama wao.

"Nesa," alisema, akainuka. "Una bahasha dukani?"

"Ninazo za misiba."

"Zina pambo jeusi?"

"Kidogo, pembeni."

"Zinafaa. Nipe kumi na tatu."

*

Rosmarie alikuwa anang'oa pini za karatasi ubaoni Curdin alipoingia dukani. Curdin alifundisha skii miaka arobaini. Uso wake ulikuwa wa kahawia tupu isipokuwa duara mbili nyeupe za miwani, na alitembea katikati ya duka lolote kama lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuachwa nyuma.

"Aa, shemeji! Unaondoa tangazo. Uamuzi wa busara."

"Sijaondoa. Nabadilisha utaratibu. Kila mwanarika atapata bahasha nyumbani, ataandika ndiyo au hapana, ataifunga."

"Bahasha!" Curdin aliwageukia wateja. "Jamani, kumbe tunachagua bunge! Tuweke na askari mlangoni?" Watu wakacheka. "Shemeji, kijiji hiki hakijawahi kuficha majina."

"Ndiyo maana karatasi haina majina."

"Haina majina kwa sababu watu wa hapa wanajua mlima ni kitu cha kuteremka. Kutembea ni huko kwenu, kwenye matofaa." Alisema kwa utani, na kwa utani huo huo akamgonga begani. Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Rosmarie alibaki na pini nne kiganjani, zinamchoma.

"Curdin," alisema. "Ukitoka kule juu mpaka chini, unatumia dakika ngapi?"

"Saba. Zamani tano," akajibu kwa fahari.

"Basi mlima huu unaujua dakika saba saba. Mimi nimekaa nao siku nzima."

Mtu mmoja nyuma ya kaunta alipiga chafya iliyofanana sana na kicheko. Curdin alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa. "Jumamosi saa sita kamili nakuja na kitabu," alisema. "Wanane, shemeji. Siyo saba."

Gisep alizipeleka bahasha. Alikuwa postamasta miaka thelathini na nane, na Rosmarie alipomwomba alitoweka dakika kumi akarudi amevaa kofia yake ya kazi. "Hizi si za kutumbukiza tu," alisema, akizipanga kwa mitaa. "Nitagonga kila mlango." Siku hiyo alionekana akipanda na kushuka kijijini kwa hatua za kijana, akisalimia hata wasiomsalimia. Kesho yake bahasha yake mwenyewe ilikuja kwa posta, ina stempu kamili, ingawa nyumba yake iko mlango wa tatu.

*

Jumamosi saa sita kasoro dakika kumi, kapu la mkate lilikuwa katikati ya meza ya jikoni kwa Rosmarie, na bahasha zilizorudi ndani. Curdin alikaa upande mmoja, kitabu cha rika mbele yake. Duri alikaa upande wa pili, amenyoa, amejikata shavuni. Nesa alikuja kurudisha bakuli ambalo hakuwahi kulikopa, akasimama mlangoni.

Rosmarie alifungua ya kwanza. "Ndiyo. Imeandikwa: 'Nakuja kumsindikiza Gisep, macho yake si mazuri.'"

Ya pili ilikuwa ya Gisep. "'Ndiyo. Nesa asiende peke yake na goti lile.'"

"Goti gani?" alishangaa Curdin.

"Halikuhusu," alisema Nesa.

Ya tatu ilikuwa ya Nesa mwenyewe, anakuja kuwasaidia wengine kubeba mizigo. Ya nne, hapana. Ya tano, ndiyo, na mistari sita ya maelezo kuhusu moyo wa mke wake, ambao sisi sote tunajua ni moyo wake yeye. Ya sita, ndiyo. Rosmarie alikuwa anasoma haraka sasa, sauti inampanda, vidole vinachana bahasha. Hapana. Hapana. Ndiyo! Duri aliondoa mguu kwenye stuli, akasogeza kiti mezani. Hapana. Ndiyo, na chini yake swali kama supu ina nyama. Kila mtu alikuwa anamsindikiza mwenzake. Kwa bahasha zile, hakukuwa na mzee hata mmoja Plaunsura.

Kapu likabaki tupu. Curdin alikuwa ameweka alama kitabuni. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia.

"Saba," alisema. "Hapana nne, pamoja na yangu."

"Hizo ni kumi na moja," alisema Nesa.

"Wa kumi na mbili ni Tini, amenipigia simu kutoka Zurich. Hapana." Kengele ya adhuhuri ikaanza kulia kanisani. Curdin alifunika kalamu. "Pole, shemeji. Kwa kweli ulijitahidi."

Kumi na mbili. Rosmarie alilitazama kapu, akaitazama sakafu chini ya meza, kisha akamgeukia mumewe taratibu.

"Bahasha yako iko wapi?"

Duri akawa mwekundu mpaka kwenye upara. "Mimi si ndiye mpangaji."

"Mpangaji ni mimi. Wewe ni mwanarika. Iko wapi?"

Aliitoa mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na ndani hamkuwa na neno. Siku mbili alikuwa anatembea nayo. Mtu aliyewalaumu wenzake kwa aibu alikuwa amebeba yake mfukoni, na sasa wote watatu waliiona. Rosmarie alitaka kumpiga na kapu, na alitaka kumkumbatia.

"Kitabu kinasema mpaka adhuhuri," alisema Curdin. Alisikiliza. Kwa haki yake, tuseme hivi: angeweza kunyamaza. "Kengele bado inalia, Duri."

"Andika!" alipiga kelele Nesa. "Andika, wewe mzee, kabla sijakuandikia kwa kisu!"

Duri aliandika. Aliandika ndiyo, akaandika jina lake lote, na hakuongeza kwamba anamsindikiza mtu. Kengele iliponyamaza, Curdin alikuwa amegeuza kitabu na kuweka alama ya nane.

"Wanane," alisema. "Siku ni yenu. Sisi watano tutateleza kama kawaida." Alitoka bila kofia, ikabidi arudi kuichukua.

*

Siku yenyewe anga lilikuwa buluu isiyo na hata wingu la kuazima. Rosmarie alifika kituoni mapema, na kufikia saa tatu wazee wanane wa miaka sitini na sita walikuwa wanagombania sleji kama darasa la tatu.

"Hiyo nyekundu ni yangu!"

"Ina jina lako?"

"Gisep asikae mbele, jamani, tutaishia kwa padri!"

Tiketi ya mwenda kwa miguu ilikuwa chini ya nusu ya ile ya skii, na hilo peke yake lilimfurahisha mmoja wao mpaka Kituo cha Kati. Huko walipinda kushoto, nyuma ya stoo ya vyuma, na njia ilikuwepo. Hatua ishirini baadaye walisimama wote bila kuambiwa. Maporomoko ya maji yalikuwa yameganda juu ya mwamba, ya kijani, marefu kuliko kanisa.

"Hiki kitu kimekuwepo hapa siku zote?" aliuliza Gisep. Hakuhitaji macho mazuri kukiona.

"Nadhani walikileta jana," alisema Rosmarie.

Walicheka, wakapiga picha, wakabishana kuhusu nyayo za sungura. Msituni Nesa alisikika akiimba. Duri alitembea na fimbo zake mbili, mwanzo akiangalia chini, baadaye akiangalia huku na huku, na mara mbili alimwuliza mkewe jina la kilele alichokiona tangu utotoni kutoka upande mwingine. Rosmarie alitangulia mbele, akirudi nyuma, akitazama saa, mashavu mekundu. Hakuwahi kuonekana vile kijijini kwetu.

Benchi lilikuwa ukingoni, theluji imelifunika lote. Rosmarie hakulitafuta, alinyoosha mkono akalifagia. Chini yao kijiji chote kilikuwa kimelala juani, na kati yao na kijiji ilipita njia ya skii, pana, nyeupe, karibu kiasi cha kusikia chuma kikikwaruza theluji.

"Wale wanakuja!" alisema Nesa.

Watano, wa mbele na koti jekundu. Wanane wakainuka wakapunga mikono na kofia. "Curdin! Oyaa! Curdin! Huku juu!" Watano walipita chini yao, vichwa vimeinama, wakapotea kwenye kona.

"Ametuona huyo," alisema Gisep kwa uchungu. "Anatudharau tu."

"Hajaona," alisema Rosmarie. Alikuwa anamimina chai. "Mkiwa pale mnatazama ncha za skii. Hata upepo masikioni ni mwingi. Hamjawahi kutazama juu."

"Umejuaje?" aliuliza Duri.

Alimpa kikombe. "Nimekupungia mkono hapa miaka thelathini na minne."

Alilisema bila lawama, kama anavyotaja saa ya supu. Nesa alitazama viatu vyake. Rosmarie akafunga chupa, akasema wamebakiza dakika sita, Onna hapendi kungojeshwa.

"Wanarudi saa ngapi?" aliuliza Duri.

"Nani?"

"Wale. Wakizunguka."

"Dakika ishirini. Huwa mnapiga mizunguko mitatu kabla ya kula. Lakini supu, Duri."

"Supu itangoja."

Alikaa akiwa ameshika kikombe, na wengine wakakaa naye, kwa sababu uso wake haukutaka maswali. Koti jekundu lilipotokea tena juu ya kona, alimpa Gisep kikombe, akapanda juu ya benchi na nyonga yake mpya, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Akainua mikono yote miwili.

"Duri!" alipiga kelele kuelekea kwa wale waliokuwa wakiteremka, pale alipokuwa yeye kila mwaka. "Duri! We Duri! Tazama juu! Mkeo yuko huku!"

Watano wakapita. Aliita tena, kwa nguvu zaidi, sauti ikimkatika, na Rosmarie alikuwa amelishika koti lake kwa mikono miwili asije akaanguka.